Nimeokoka, Lakini Bado Ninakunywa Methadoni

Mama Mshauri, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, ninaishi na mama yangu mzazi Dar es Salaam, upande wa Temeke. Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo ninaloombwa kulifanya usiku wa mkesha wa mwaka mpya, na kila ninapolifikiria usingizi unaniruka.

Nilianza kuvuta unga, yaani heroini, nikiwa konda wa daladala. Mwanzoni tulikuwa tunauchanganya na bangi, baadaye nikaanza kujidunga. Niliuza simu, nikauza nguo, na mwishowe nikauza masufuria ya mama, yale makubwa aliyokuwa akipikia katika biashara yake ya mama lishe. Niliyapeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu siku aliyokwenda msibani. Mtaani jina langu lilikwisha kusahaulika. Nilikuwa teja tu, na hata watoto wa shule walinikwepa.

Mjomba aliwahi kunifungia chumbani niache kwa nguvu. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilinipiga, nikatapika, nikaharisha, mifupa ikauma kama inatwangwa, lakini nilipofunguliwa mlango sikukaa muda mrefu kabla ya kurudi kijiweni. Rafiki yangu mmoja yeye alitoka gerezani akiwa hajagusa unga kwa miezi kadhaa. Jioni hiyo hiyo alijidunga kipimo chake cha zamani, na asubuhi tulimkuta amefariki nyuma ya kibanda. Picha ile haijanitoka.

Mabadiliko yalinijia kwa njia mbili karibu wakati mmoja, na ndiyo maana hadi leo sijui nizitenganishe vipi. Mwelimishaji rika mmoja, ambaye naye alikuwa mtumiaji zamani, alinipeleka kwenye kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini. Katika kipindi hicho hicho kaka mmoja wa kwaya alikuwa na kawaida ya kupita maskani kwetu jioni akitoka kazini. Hakuhubiri sana; alikuwa anakaa tu nasi, anatuuliza habari, anaondoka. Siku moja nilimfuata kanisani. Nikaokoka, nikabatizwa, na sasa ninaimba besi. Mwaka wa pili unaelekea kwisha sijagusa unga.

Kila asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ninapanga foleni dirishani kliniki. Muuguzi ananipimia dawa ya maji kwenye kikombe cha plastiki, ninakunywa mbele yake, ninasuuza kikombe kwa maji na kuyanywa pia, kisha ni lazima nitamke neno ili ahakikishe nimemeza. Mimi husema "Amina". Zamani alikuwa anacheka, sasa amezoea.

Tatizo lilianza mzee anayeongoza kanisa letu la nyumbani alipojua ninakokwenda asubuhi. Aliniita pembeni, kwa upole kabisa, akaniambia kwamba methadoni ni unga wa serikali na kwamba nimeacha bwana mmoja nikamtumikia mwingine. Akasema yule kiwete wa Mlango Mzuri, aliyeponywa na Petro, hakuondoka hekaluni na mkongojo. Mzee huyu ninamheshimu, maana yeye mwenyewe alikuwa mlevi wa gongo aliyeshindikana, akaombewa siku moja na hajanywa tena. Pendekezo lake ni kwamba niingie kwenye mfungo wa wiki tatu unaotangulia mkesha, niache dawa humo humo kwenye mfungo, kisha nitoe ushuhuda mbele ya kanisa zima kwamba nimefunguliwa. Nilipomwambia ninaogopa, akanijibu kwamba basi nikiri kwa imani, niseme nimekwisha kufunguliwa, na dawa itaniacha yenyewe mbele ya safari.

Mama yuko upande wake. Ameweka nadhiri kwamba siku nitakayotoa ushuhuda atatoa sadaka ya shukrani, na akina mama wenzake wote wanajua. Juu ya hayo, mwenyekiti wa kwaya amenitafutia kazi ya ujenzi mkoani, kazi nzuri, lakini nimeambiwa huko hakuna kliniki ya kunywea dawa. Nami nisikufiche, nimechoka. Nimechoka na foleni, nimechoka kuchelewa kibaruani, nimechoka kujifunika kofia usoni nikikutana na mtu wa kanisani njiani.

Je, kuendelea kunywa dawa ni kukosa imani? Nikikataa, si nitawapoteza watu hawa ambao ndio walionirudishia utu wangu? Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu: hamu ya unga bado inanijia, hasa mwisho wa mwezi nikishika pesa. Ninaogopa nikilisema wataona wokovu wangu ni wa uongo. Nisaidie, Mama.

Mwimba Besi, Temeke

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Amina.

Nikikuelewa vizuri, huniulizi kama Mungu anaponya, maana hilo unaliamini. Unauliza kama uponyaji ulioupata wewe, wenye foleni na kikombe cha plastiki ndani yake, unaweza kusimama madhabahuni ukaitwa uponyaji. Na chini ya swali hilo lipo jingine: je, watu waliokupokea walimpokea nani, wewe ulivyo leo au yule wanayemsubiri usiku wa mkesha? Nitajaribu kutembea nawe katika yote mawili, ingawa uamuzi utabaki kuwa wako.

Kwanza lipo jambo la mwili ambalo halisubiri maoni ya mzee wala ya kwangu. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu, zaidi ya siku nzima, ndiyo sababu unainywa mara moja tu kwa siku. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu akiikatiza ghafla hudanganyika. Siku ya kwanza hujiona mzima na kudhani ameshinda. Arosto huja siku ya pili au ya tatu, huenda ikawa ya polepole kuliko ile ya unga, lakini huvuta kwa wiki kadhaa. Kubaya zaidi ni huku: mwili ukishakaa bila dawa hupoteza ule uwezo wake wa kustahimili, na kipimo ambacho zamani kilikuwa cha kawaida kwako kinaweza kuzima pumzi yako. Wewe mwenyewe ulikwisha kuliona hili nyuma ya kibanda. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wiki nne za kwanza baada ya kuacha methadoni ndizo zenye hatari kubwa ya kifo kwa mtu aliyekuwa akiitumia. Kwa hiyo, lolote utakaloliamua juu ya ushuhuda, nakusihi usilifungamanishe na kukatiza dawa peke yako, bila kliniki kujua. Na kama umekwisha kukosa dozi kwa siku kadhaa, usirudi kimya kimya kana kwamba hukukosa. Waambie, maana huenda wakahitaji kukupunguzia kwanza na kukupandisha tena.

Sasa tuje kwenye lile neno la mzee, kwamba dawa hii ni unga wa serikali. Ninadhani tukilikataa lote kwa hasira tutakuwa hatumtendei haki, kwa sababu ndani yake kuna kipande cha kweli. Methadoni ni ya ukoo mmoja na heroini, inagusa sehemu zile zile za ubongo, na mwili wako unaitegemea, ukiikosa utaugua. Tena ina adha zake, na pengine unazijua kuliko mimi: jasho, choo kigumu, usingizi wa mchana, na kwa wanaume wengine hata kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa. Lakini anayetaka kulinganisha vitu viwili hutazama pia vinamfanya mtu afanye nini. Unga ulikubebesha masufuria ya mama yako hadi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Dawa hii, ikiwa katika kipimo sahihi, haikupi kile kilevi ulichokuwa ukikifukuzia. Inatuliza arosto na kupunguza hamu, ili mtu apate nafasi ya kufanya mambo mengine, kama kukaa kwenye mazoezi ya kwaya saa mbili bila kutoka nje. Matibabu haya yalianza kutolewa nchini kwetu mwaka 2011 pale Muhimbili, yakaenea hadi Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine, na hayakuanzishwa ili watu wabaki watumwa wa kitu kingine. Yalianzishwa kwa sababu watu walikuwa wanakufa na wanaambukizana virusi vya Ukimwi kwa sindano, huku maneno ya "acha tu" yakiwa yamekwisha kushindwa, kama alivyoshindwa mjomba wako na kufuli lake.

Kuhusu yule kiwete, nimefungua tena Matendo 3. Habari za mkongojo sikuziona. Nilichokiona ni kwamba mtu yule alikuwa akichukuliwa na watu, wakamweka kila siku mlangoni pa hekalu, yaani kabla ya siku ya Petro na Yohana ilikuwapo miaka ya watu wasiotajwa majina ambao walimbeba asubuhi. Tena Biblia hiyo hiyo inatuletea uponyaji wa namna nyingi. Yupo kipofu wa Bethsaida katika Marko 8, ambaye Bwana alimgusa akaona watu kama miti inayotembea, akamgusa tena ndipo akaona sawasawa. Sijasikia mtu akisema mguso wa kwanza ulikuwa wa uongo. Yupo mfalme Hezekia, aliyeomba akilia, Mungu akamsikia na kumwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Wala Luka hakuacha kuitwa tabibu mpendwa baada ya kuamini. Sikuandikii mistari hii uende ukamshinde nayo mzee wako, kwa maana mashindano ya mistari hayajawahi kumponya mtu. Ninaiandika ili wewe mwenyewe, ukiwa foleni asubuhi, ujue kwamba ile "Amina" unayoisema dirishani haina ubatili wowote.

Pengine itakusaidia kujua kwamba swali lako limewahi kukaa katika meza moja na watu wakubwa wa kazi hii. Chama cha Alcoholics Anonymous, cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kutokana na Bill Wilson na Daktari Bob Smith, wanaume wawili walevi waliokuwa wamepitia kundi la uamsho wa Kikristo lililoitwa Oxford Group. Waraka wa Yakobo na Hotuba ya Mlimani vilikuwa chakula chao cha kila siku. Hatua 12 zinazotumika leo katika nyumba nyingi za kuwasaidia waraibu, hadi Zanzibar na Mombasa, zilitoka humo. Kwa upande mwingine, matibabu ya methadoni kwa waraibu wa heroini yaliasisiwa New York katikati ya miaka ya 1960 na madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander. Wengi hudhani pande hizi mbili ni maadui. Lakini Dole alikuwa mmoja wa wadhamini wa Alcoholics Anonymous, na alikuja kuandika kwamba Wilson alimwendea, akiwa na huzuni juu ya walevi ambao chama hakikuweza kuwafikia, akamwomba atafute dawa itakayowafanyia wao kile ambacho methadoni inawafanyia watu wa heroini. Mtu aliyeamini kwa moyo wote kwamba Mungu ndiye aliyemtoa kwenye pombe hakuona aibu kumwomba daktari dawa kwa ajili ya wengine.

Ushuhuda wa mzee wako ninauamini. Wapo watu walioombewa wakaacha siku ile ile, na si kazi yangu wala yako kuupunguza wema waliotendewa. (Niseme kwa wasomaji wengine: mlevi wa kila siku anayekatiza pombe ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, kwa hiyo awe karibu na hospitali, huku akiombewa.) Ninachojiuliza ni kama mzee huyu anakuombea upate mema, au bila kujua anakuombea upate maisha yake. Mtu aliyetolewa shimoni kwa kamba moja huipenda kamba ile kwa haki kabisa, na huenda anahofu kwa dhati kwamba wewe hujatoka.

Sasa niruhusu nikuulize wewe. Kama mzee asingesema neno, wala mama asingeweka nadhiri, je, ungetaka kuacha methadoni mwaka huu? Ninauliza kwa sababu katika barua yako nimesikia sauti mbili. Moja inasema "wananitaka niache", nyingine, iliyoandikwa kwa haraka karibu na mwisho, inasema "nimechoka". Hiyo ya pili ni yako, na haina dhambi. Kama kinachokuchosha ni foleni, basi swali la kupeleka kliniki ni la foleni: je, wana utaratibu wa kuwapa wagonjwa waliotulia dozi za kwenda nazo nyumbani, na wewe unakosa nini ili uhesabiwe miongoni mwao? Je, dirisha hufunguliwa saa ngapi, na ukifika wa kwanza utawahi kibarua? Kama ni kazi ya mkoani, waulize kama kuna kituo kilicho karibu na huko ambako unaweza kuhamishiwa, kabla ya kuamini uliyoambiwa na mtu mmoja. Na kama kweli unatamani kufika mahali ambapo hunywi tena, hilo nalo lina njia yake: kipimo hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi mingi, kwa wengine zaidi ya mwaka, kwa kusimama pale mwili unapolalamika, na hata kurudi juu kidogo bila aibu inapobidi. Wapo wanaoimaliza njia hiyo. Wapo wanaogundua katikati kwamba wakati wao haujafika, wakaendelea na dawa wakiwa wafanyakazi wazuri na wazazi wazuri. Tarehe ya mkesha haijui mwili wako uko wapi katika safari hiyo.

Nije kwenye ushuhuda wenyewe, kwa sababu naona ndipo moyo wako ulipo. Umenieleza kwamba kuna hamu ambayo hujamwambia mtu, na kwamba unaogopa wakijua wataona wokovu wako ni wa uongo. Hebu fikiria usiku ule, umesimama mbele ya mamia ya watu, vigelegele vimepigwa, mama yako analia kwa furaha, umesema "nimefunguliwa kabisa". Halafu uifikirie tarehe 31 ya Januari, mshahara uko mfukoni, hamu imekuja kama ilivyozoea. Utamwendea nani? Jambo hili nimeliona kwa waliowahi kuniandikia: ushuhuda uliotangazwa mkubwa kuliko ulivyo humfunga msemaji mdomo, na aliyefungwa mdomo akiteleza hakimbilii kanisani, analikimbia. Imani imekusaidia hadi hapa kwa namna ambayo dawa isingeweza. Imekupa mahali pa kwenda jioni, wimbo wa kujifunza, mtu anayepiga simu usipoonekana, na jina lisilo teja. Lakini vyote hivyo vimefanya kazi kwa kuwa yule kaka wa kwaya alikuja kukaa na wewe ulivyokuwa, maskani, bila kukutaka kwanza uwe mtu mwingine. Ningechunguza sana kabla ya kukubali jambo linaloweza kuugeuza urafiki huo kuwa jukwaa.

Hii haina maana kwamba huna ushuhuda. Unao, ni mrefu, na sehemu kubwa yake umeniandikia mimi. Unaweza kuusema kama ulivyo, ukitaja dirisha na kikombe. Faida yake ni kwamba hutakuwa na kitu cha kuficha, na huenda katika umati ule yuko mama ambaye mwanawe yuko kijiweni leo na hajui kwamba kliniki ipo, tena ya bure. Hatari yake nayo ni ya kweli: habari zitatoka nje ya ukuta wa kanisa, fundi unayemfanyia kibarua anaweza kuzisikia, na baadhi ya watu watakutazama kwa jicho jingine. Habari za matibabu yako ni mali yako. Hulazimiki kuzigawa kwa mtu yeyote. Unaweza pia kuomba ushuhuda usubiri, bila kueleza sana. Hapo utaepuka kusema uongo, lakini shinikizo litabaki, na kila mkutano utakuja na swali lile lile. Kuhusu kukiri kwa imani jambo ambalo halijawa, sitaki kuingilia mafundisho ya kanisa lenu, ila nitakuuliza tu kama dhamiri yako ilitulia ulipoambiwa hivyo. Kwa jinsi ulivyoiandika sentensi ile, sidhani.

Kuna mtu mmoja ambaye sijamwona katika barua yako, naye ni mchungaji. Umeniambia maneno ya mzee, ya mama, ya mwenyekiti wa kwaya, lakini hujasema mchungaji anafikiri nini, na ninashuku kwamba umemhesabia msimamo ambao hujamsikia akiutoa. Huenda anakubaliana na mzee. Huenda pia ana waumini wanaokunywa dawa za kifafa, za presha na za kupunguza makali ya virusi, na hajawahi kuwaambia wazitupe. Ungeweza kumwendea ukiwa na yule kaka wa kwaya, na kama utaona vema, ukamwomba aje kliniki azungumze na mshauri nasaha wenu. Viongozi wengi hubadilika wanapoona kwa macho. Wengine hawabadiliki, na hilo ujiandae nalo, usiende ukiwa huna pa kuegemea endapo atakujibu vibaya.

Na kama itafika mahali ambapo kanisa hilo la nyumbani linakuumiza kuliko kukushika, kuhamia kundi jingine ndani ya usharika, au hata usharika mwingine, ni njia iliyo wazi. Nakusihi tu usiihesabu kuwa nyepesi. Upweke ni kichochoro kinachojulikana sana cha kurudia kijiweni, na marafiki wapya huchukua muda kupatikana. Ukihama, hama ukiwa umekwisha kujua Alhamisi ijayo utakuwa na nani.

Mama yako, mwanangu, usimweke katika kundi la wapinzani. Mwanamke aliyerudi msibani akakuta masufuria hayapo anasubiri siku ya kusema mbele ya watu kwamba mwanawe amerudi, na ninamwelewa. Je, amewahi kufika kliniki? Akisimama nawe foleni asubuhi moja, akamwona muuguzi akikupimia, akakusikia ukisema "Amina", huenda akaiona dawa kwa macho tofauti na yale aliyopewa na wengine. Nadhiri ni yake na Mungu wake, naye ndiye wa kuamua kama lililomfanya aahidi shukrani limekwisha kutokea au bado.

Juu ya mfungo, hakuna kinachokuzuia kuomba pamoja na wenzako. Lakini kufunga chakula na maji kwa muda mrefu ni jambo la kuwaambia kliniki mapema, kwa kuwa kwa baadhi ya watu methadoni hugusa mapigo ya moyo, na mwili uliokaukiwa maji na chumvi zake huongeza hatari hiyo. Kikombe cha asubuhi hakivunji mfungo mbele za Mungu kwa kadiri ninavyomfahamu. Wengine hufunga nusu siku, wengine hujinyima kitu kingine.

Nimeiacha hamu hadi mwisho, kwa sababu nadhani inahitaji jibu mapema kuliko mkesha. Kuendelea kuhisi hamu baada ya miaka ya kujidunga ni hali ya kawaida ya ubongo unaopona, na kama inakuja kwa nguvu, huenda hata kipimo chako kinahitaji kutazamwa upya; hiyo ni sababu tosha ya kumwambia daktari. Yakobo anasema tuungamiane na kuombeana, naye hakusema tuungame mbele ya umati. Mtu mmoja au wawili wanatosha. Ningekuwa karibu ningekuuliza juu ya yule mwelimishaji rika, maana umemtaja mara moja tu kisha ukamwacha, na yeye ndiye mtu katika barua yako ambaye hutahitaji kumfafanulia hamu ni kitu gani. Mtafute kabla ya tarehe ya mshahara. Mwulize yeye pesa zake za mwisho wa mwezi huwa anazifanyaje, kama humkabidhi mtu, kama huzituma kwa simu nyumbani kabla ya kutoka kazini, au kama hupita njia nyingine kabisa. Kisha, ukiwa tayari, mwambie na yule kaka wa kwaya, ukianza na lile dogo unaloweza kulisema.